Ombi Moja kwa Mwaka

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu za dada yako, na uzipokee ukiwa umekaa. Natumaini barua hii inakukuta mzima wewe, mzima na wifi yangu nisiyemjua, na wazima hao watoto wawili ambao mpaka juzi sikujua kama wapo duniani. Mimi sijambo. Mgongo unauma kwa ajili ya cherehani, na jicho la kulia limeanza kuona sindano mbili palipo na moja, lakini hayo ni ya kazi, si ya kuandikia barua. Habari za baba nitakupa kwa utaratibu wake. Nakujua wewe, tangu utotoni ukipewa kitabu unaanzia ukurasa wa mwisho. Leo nakuomba usome mstari kwa mstari kama tulivyofundishwa, maana nimekaa siku tatu nikiipanga barua hii.

Barua yako ilifika. Ilifika zamani, na kuchelewa kwa jibu si kosa la posta. Hukuweka namba ya simu. Nadhani uliogopa kusikia sauti. Umeandika kwamba yule seremala aliyekuwa jirani yetu amekuhadithia kuwa baba alipatwa na kiharusi, na unauliza mambo mawili: kama bado ana kinyongo na wewe, na kama atakuruhusu uje umwone angali hai. Umeeleza wazi kuwa ruhusa unayoitaka ni yake, si yangu. Hapo nilisoma mara mbili. Miaka kumi na miwili umekaa mbali, na bado unakumbuka ruhusa ya nyumba hii ilikuwa inatoka wapi.

Wifi yangu huenda hajui tulivyolelewa, maana sidhani kama umemwambia. Wanaume mna tabia ya kuoa mkajifanya mmeanguka kutoka mbinguni. Basi kama unamsomea barua hii, acha nimweleze mwenyewe.

Baba yetu alikuwa karani wa mahakama kwa miaka thelathini na moja. Kazi yake ilikuwa kusimama, kumsomea mshtakiwa mashtaka yake, kumuuliza anajibu nini, kuandika, kisha kukaa. Hakimu ndiye aliyeamua. Kwa miaka thelathini na moja baba alisikiliza watu wakilia, wakijieleza, wakiapa kwa makaburi ya mama zao, na hakuna hata mmoja aliyemlilia yeye. Wote walimtazama hakimu. Nyumbani ndiko alikopata mahakama yake mwenyewe, na washtakiwa tulikuwa sisi watatu: mama, mimi na wewe.

Juu ya mlango wa jikoni alibandika karatasi aliyoipiga kwa taipureta ya ofisini. Ilikuwa na maneno saba ya Kiingereza ya kuomba, moja juu ya jingine, nasi tukaiita ngazi. La chini kabisa lilikuwa please, nalo lilitosha kwa vitu vilivyo mezani: chumvi, maji, kijiko. La pili lilikuwa request, la vitu vya kabatini kama daftari, kalamu na sabuni, na lilitakiwa liwe kwa maandishi. La tatu, beg, lilikuwa la kutoka nje ya geti. Plead lilikuwa la mwenye kosa: unasimama mikono nyuma, unatoa sababu zako moja moja kama mtu aliye kizimbani, ndipo anaamua ni fimbo ngapi. Entreat lilikuwa la kumwombea mwenzako. Implore alisema lina machozi ndani yake tangu lilipozaliwa, na ukilisema macho makavu umelidanganya neno. Alikuwa anakurudisha chumbani ukalie kwanza, kisha uje. Na beseech lilikaa peke yake huko juu. Hilo lilikuwa la magoti. Mtu aliruhusiwa kulitumia mara moja tu kwa mwaka, kwa jambo moja kubwa, na akishalitumia amemaliza mpaka mwaka ugeuke.

Majibu yake yalikuwa mawili. Akikubali alisema with pleasure. Akikataa alisema I am not pleased, yaani sijapendezwa, akaendelea kula. Hakueleza sababu. Alisema mahakama haiulizwi sababu na mwombaji.

Alikuwa na somo alilolipenda kuliko yote, na wewe ulikuwa unaliigiza nyuma ya choo mpaka nashika mbavu. Alisema plead na please ni ndugu wa tumbo moja, wametoka kwenye neno moja la zamani la Kilatini la kupendeza. Kwa hiyo, alisema, mtu anayejitetea bila kumpendeza anayemsikiliza anapiga kelele tu. Alisema ameona watu wenye haki wakifungwa kwa sababu ya kununa kizimbani, na wezi wakirudi nyumbani kwa sababu ya adabu. Samaki mkunje angali mbichi, alisema, na sisi tulikunjwa kweli.

Mama hakujua Kiingereza. Chake kiliishia kwenye majina ya sabuni. Kwa hiyo alipotaka kitu kwa mumewe alitutuma sisi, akajibanza nyuma ya pazia la jikoni kusikiliza. Utakumbuka arusi ya mama mdogo. Ulikuwa na miaka sita, umekatika jino la mbele, na mama alikufundisha neno kutwa nzima bila yeye mwenyewe kulijua, anakuambia tu sema lile la tano, lile la tano. Ukasimama mbele ya baba ukasema entreat kwa pengo, mate yakamrukia kwenye miwani. Alicheka. Ndiyo mara pekee ninayokumbuka alicheka kwa ajili ya neno. Mama alikwenda arusini, na aliporudi alikuambia wewe ndiye mwanamume wa nyumba hii. Nadhani uliamini. Mama alipofariki ulikuwa na miaka kumi na mmoja, na tangu siku ile hukupanda ngazi tena ila kwa viboko.

Ya baiskeli sina haja ya kuyarefusha. Wifi ajue tu kwamba ulikuwa na miaka kumi na saba, ulichukua baiskeli ya baba bila kuomba ukaenda kucheza mpira, ukairudisha gurudumu limepinda. Baba alikusimamisha sebuleni akataka neno la nne. Ukasema, kwa Kiswahili, samahani baba, nimekosa. Akataka neno. Ukasema samahani yako ndiyo hiyo na nyingine huna. Akapanda mwenyewe, akataka la sita, akataka la saba, na wewe umesimama kama nguzo ya umeme. Mwisho akakuambia as you please, yaani upendavyo, na akarudi kwenye gazeti lake. Hakukufukuza, kama unavyowaambia watu. Alikuambia upendavyo. Wewe ukapenda kuondoka, na viatu ulivyovaa vilikuwa vyangu vya michezo.

Sasa nije kwa baba wa leo.

Kiharusi kilimpata mwaka jana mwezi wa nane, bafuni, asubuhi, sabuni ikiwa bado mkononi. Nilimkuta amelala ubavu anatazama ndoo. Upande wa kulia ulikufa wote, mkono, mguu na nusu ya mdomo. Hospitali walikaa naye wiki mbili wakanirudishia. Nikahamisha cherehani kutoka sebuleni nikaiweka chumbani kwake, mguuni pa kitanda, ili nishone sare za shule huku namwangalia. Nilimgeuza, nilimwosha, nilimlisha uji kwa kijiko cha mtoto. Majirani walinisifu. Walisema mtoto wa kike ni akiba.

Wiki ya tatu, siku moja saa nne asubuhi, alisema maji. Alisema kwa Kiswahili, hivyohivyo, maji, kama mtu anayemwita mbwa. Kikombe nilikuwa nacho mkononi. Sijui ni nini kilinipanda. Nilimuuliza kwa upole kabisa tunasemaje tukitaka kitu kilicho mezani. Akanitazama. Nami nikamtazama. Nikakiweka kikombe pale anapokiona lakini hakifikii, nikarudi kwenye cherehani nikamalizia kola.

Alishindana nami mpaka saa nane mchana. Siku ile kulikuwa na joto la kupasua mabati. Saa nane na dakika chache alisema please, neno likatoka limepinda kama mdomo wenyewe, na mimi nikasema with pleasure nikamnyanyua kichwa akanywa. Mdogo wangu, sitakudanganya, nilifurahi. Nilifurahi mpaka nikaona haya nikaenda kusimama jikoni. Kesho yake niliibandua ile karatasi juu ya mlango wa jikoni, imegeuka rangi ya chai, nikaibandika ukutani mbele ya kitanda chake.

Maji yalikuwa please. Redio ilikuwa request, na kwa kuwa hawezi kuandika nilimkubalia aseme kwa mdomo. Nikamwambia hiyo ni huruma ya mahakama. Kufunguliwa pazia ilikuwa beg. Kugeuzwa upande wa pili, mgongo ukimuwaka, ilikuwa plead, atoe sababu. Na alizitoa, mdogo wangu. Alizitoa kwa mpangilio, ya kwanza, ya pili, ya tatu, mate yakimtoka, na mimi nimesimama mikono kifuani nasikiliza. Siku nyingine nilisema I am not pleased nikaendelea kushona. Siyo nyingi. Lakini zilikuwepo, na sitazipunguza ili nionekane mwema. Mwosha huoshwa, lakini wahenga hawakusema kama mwoshaji wa pili anatumia maji ya moto.

Yule mtu wa mazoezi ya viungo kutoka hospitali, anayekuja Jumanne na Ijumaa, alitufuma siku moja. Alisimama mlangoni na mkoba wake akamsikia mzee anaomba kwa Kiingereza cha kizimbani ageuzwe ubavu. Alinivuta pembeni akaniuliza hayo ni mambo gani. Nikamwambia ni mazoezi ya ulimi, mzee alikuwa msomi, maneno magumu yanamrudishia mdomo. Alifikiri kidogo, kisha akanisifu. Alisema kweli mdomo unarudi, na kwamba atawashauri na wagonjwa wengine. Akamuuliza baba kama mazoezi yanamfaa. Baba akasema yanamfaa.

Hilo ndilo lililonitia wazimu kuliko yote. Nilitegemea atanichukia. Nilitaka anichukie kama nilivyomchukia mimi nikiwa na miaka tisa, nimekaa chumbani najifinya ili machozi yatoke. Badala yake alinitazama kama mwalimu anavyomtazama mwanafunzi aliyefaulu. Siku moja, mgongo umemvimba, aliniambia nimekosea, kugeuzwa hakustahili kuwa la nne kwa sababu yeye si mkosaji, labda la tatu. Aliomba kwa unyenyekevu nisahihishe. Nikasahihisha, na unajua nilijisikiaje? Nilijisikia vizuri kwamba baba ameridhika na mimi. Mtu mzima wa miaka thelathini na mbili, nina mtesi wangu kitandani hawezi hata kujigeuza, na bado nataka kumpendeza.

Hivyo ndivyo tulivyokuwa tunaishi ilipofika barua yako, Ijumaa ya tarehe mosi.

Nilimsomea. Ilinibidi nimsomee, kwa kuwa alikuwa ameiona stempu na kutambua mwandiko kabla sijaificha. Nilisoma yote, hata pale ulipoandika majina ya watoto. Aliniamuru, samahani, aliniomba kwa neno sahihi niyasome majina tena. Jicho la kushoto lilitoa machozi, la kulia halikuweza. Jumatatu tarehe nne, nimemaliza kumwosha, akaniambia anataka kutumia lile la juu.

Nikamwambia la juu ni la magoti, na yeye magoti hana. Akasema atayapata. Basi nikamshika kwapani nikamteremsha, mwanamume yule ambaye sasa alikuwa mwepesi kama mfuko wa vitambaa, nikamwegemeza kwenye ukingo wa kitanda, goti moja likakunjika na jingine nikalikunja mimi. Ilimchukua muda mrefu. Neno lenyewe lilimkatalia mdomoni, akaanza upya, likamkatalia, nikamfuta mate, akaanza upya. Likatoka. Aliomba nikuandikie uje. Aliomba nikuambie hana kinyongo, na kwamba baiskeli ilikuwa baiskeli tu. Alisema hilo ndilo ombi lake la mwaka na hatanisumbua kwa jingine.

Nami nikasema with pleasure. Nikamrudisha kitandani. Alilala usingizi mpaka jioni, na usingizini mdomo wake ulinyooka.

Sikuandika.

Sasa nikueleze kwa nini, na hii hujawahi kuisikia kwa mtu yeyote, kwa sababu walioijua ni baba na mimi tu. Mwaka ule ulipoondoka, wiki hiyohiyo, nilipata barua kutoka chuo cha upimaji ardhi. Walikuwa wamenichukua. Msichana pekee katika orodha nzima. Nilikuwa sijamwambia mtu. Nilikuwa nangoja baba awe na uso mzuri nipige magoti, kwa sababu ombi langu la mwaka nilikuwa sijaligusa. Nilikuwa nimelitunza tangu mwezi wa kwanza. Nilikuwa najifunza kusema neno lile kila siku nikifua, ili siku ikifika lisinikwame. Kisha wewe ukaondoka. Ulikuwa huna nguo, huna kazi, una miaka kumi na saba, na mama aliniachia wewe mikononi. Nikapiga magoti sebuleni nikaomba urudi. Baba alisema with pleasure. Kesho yake nikamwonyesha barua ya chuo, akasoma mpaka mwisho, akaikunja vizuri, akaniambia ombi langu la mwaka nimeshalitumia, nirudi mwakani. Chuo hakikungoja mwakani. Nikajifunza cherehani.

Nilimtuma yule seremala akutafute. Alikupata siku ya nne, umelala kwa rafiki yako, akakuambia baba amekubali urudi na hakuna fimbo. Unakumbuka ulimjibu nini? Mimi nakumbuka, maana alinifikishia neno kwa neno, amesimama getini na msumeno begani. Ulisema: mwambie niko salama nilipo, asihangaike.

Sikulaumu kwamba hukujua niliyolipa. Nakulaumu kwamba hukuuliza. Wewe ulikataa kusema neno moja ukawa shujaa wa mtaa mzima; mimi nililisema kwa ajili yako, na hakuna aliyenipa hata pole.

Basi siku nne baada ya kupiga magoti, baba aliuliza kama umejibu. Nikamwambia posta. Siku ya kumi akauliza, nikamwambia posta. Jumatatu tarehe kumi na nane akauliza tena, na mimi nimechoka, sindano imenichoma kidole, nimewachelewesha wazazi wa wanafunzi. Nikamwambia ndiyo, umejibu. Akauliza umesemaje. Nikamwambia umesema: mwambie niko salama nilipo, asihangaike.

Sikuongeza neno na sikupunguza. Maneno ni yako mwenyewe, mdogo wangu. Yalikuwa na miaka kumi na miwili tu.

Aliniomba nirudie. Nikarudia. Akashukuru. Akageuza uso ukutani kwa shida, bila kuniomba nimgeuze.

Mchana ule hakuomba maji. Jioni hakuomba. Nilidhani ni ule ubishi wa siku ya kwanza, nikakiweka kikombe anapokiona, nikashona. Asubuhi kikombe kilikuwa vilevile, mdomo wake umekauka kama ganda. Nikampelekea kikombe mdomoni, nikamwambia kunywa, leo hakuna neno, kunywa bure. Akafumba mdomo. Nusu ile iliyokufa haikuweza kufumba, nikajaribu kumimina hapo, yakatoka yote yakaingia shingoni.

Nikaibandua karatasi ukutani nikaichana mbele yake. Haikusaidia. Siku ya tatu daktari wa zahanati alikuja akamtundikia maji ya mshipa. Alipoondoka baba aliuchomoa mpira kwa mkono wake mzima, taratibu, akauweka pembeni kama kalamu. Nikamfunga mkono kwa kitambaa. Daktari aliporudi akamtundikia upya, mshipa ukapasuka.

Hapo ndipo nilipomwambia ukweli. Nilimwambia nimemdanganya, sikukuandikia, wewe hukusema kitu, unangoja ruhusa, nitatuma mtu leo hii akuchukue. Unajua alinitazamaje? Alinitazama kama alivyokuwa akiwatazama wale washtakiwa wanaobadilisha maelezo baada ya kuona mambo yameharibika. Hakuniamini. Aliona namtungia uongo mzuri ili anywe. Alishaisikia hukumu yake na alishaipokea. Na mtu sikumtuma; sikubanduka mguuni pa kitanda.

Nikaomba, mdogo wangu. Nilisimama mguuni pa kitanda nikaomba anywe, nikaanzia la chini. Nilisema please. Nilisema yote, nikatoa sababu zangu moja moja, nikakuombea wewe, nikaombea wajukuu kwa majina yao, nikalia na sikuhitaji kujifinya. Siku ya tano nikapiga magoti. Lile la juu lilitoka bila kunikwama hata kidogo. Akafumbua jicho, akanisikiliza mpaka mwisho kwa adabu. Kisha akatikisa kichwa. Sauti hakuwa nayo tena, lakini nilielewa. Hakupendezwa.

Alifariki Jumapili tarehe ishirini na nne, saa tano asubuhi. Tulimzika kesho yake, upande wa kushoto wa mama. Watu walikuwa wengi, hata hakimu mmoja mstaafu alikuja na fimbo yake ya kutembelea. Yule mtu wa mazoezi alisimama akaeleza jinsi nilivyomtunza mzee, na jinsi nilivyomrudishia ulimi. Watu walinishika mikono.

Nilidhani siku nikikuandikia haya nitajisikia tumelipana. Sijisikii hivyo. Najisikia nimefanya jambo baya na nimelifanya vizuri, hatua kwa hatua, kama alivyonifundisha. Sikuombi msamaha. Kuomba nimeshachoka, na wewe kukataa ni fani yako tangu zamani.

Maswali yako mawili nayajibu sasa. Kinyongo hakuwa nacho. Ruhusa ulipewa Jumatatu tarehe nne, asubuhi, na mtu aliyeshuka kitandani kwa ajili yako. Barua huchukua siku tatu kufika huko, na basi siku moja kuja hapa. Nimepiga hesabu mara nyingi na inatoka vilevile: ungekaa naye siku kumi na sita.

Nisalimie wifi. Wabusu watoto kwa niaba ya shangazi yao, na majina yao babu yao aliyataka mara mbili, waambie hivyo. Ukija, mlango wa mbele uko wazi mchana kutwa kwa ajili ya wateja. Ingia tu.

Ni mimi dada yako,
Fundi wa sare